Somo yangu, kuhusu lile gari uliloliona Mariakani

Changamwe, Mombasa
Jumatano usiku

Kwako somo yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama watoto. Sisi huku tu wazima, hofu na mashaka ni kwenu. Baridi ya mwezi wa saba inanishika magotini, lakini sokoni naenda na kurudi kwa miguu yangu.

Ama baada ya salamu. Picha ya gari langu la zamani uliyonitumia niliipata Jumapili nikitoka kanisani, na simu zako mbili niliziona. Sikushika. Usidhani nimekupuuza. Swali lako lilikuwa fupi, "Likirudi, utalitaka?", nami nikaandika jibu kwenye simu mara tatu, na mara tatu nikalifuta. Basi nimekaa mezani na kalamu. Barua hii nampa mpwa wangu anayekuja huko Ijumaa, akutie mkononi wewe mwenyewe. Nakuomba uisome peke yako.

Nililitambua kabla sijaikuza picha. Taa zile za mbele, macho yaliyoteremka kwa pembeni, gari jingine halina. Mlango wa dereva umebandikwa wa rangi ya kwingine, kapeti hakuna, na kuku wa huyo mzee aliye nalo sasa wametaga kwenye kiti cha kati. Hilo la kuku halikuniuma. Kilichonishika ni ule mchubuko juu ya gurudumu la nyuma la kushoto, uko pale pale. Unaukumbuka? Feri ya Kilifi, mwaka 1989, lori la makaa likarudi nyuma, na wewe umesimama nje unapiga bodi kwa kiganja, "Simama! Simama!" Mwaka 1991 daraja likafunguliwa, na wanangu wadogo hawajui kabisa kwamba mtu aliweza kukaa pale ukingoni saa nzima nzima akiitazama ng'ambo.

Wewe ndiwe uliyenichagulia gari lile. Mwaka 1988, mkopo wa ushirika wa walimu umetoka, nami nilikuwa nimeshaipenda Datsun ndogo ya yule karani wa bandarini. Ukanivuta kando ukaniambia, "Datsun ni ya mtu na mkewe. Wewe una ukoo." Ukanipeleka kwenye Peugeot 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Ukaanza kunihesabia Safari Rally kama mtu anayesoma ukoo wa manabii: 404 ilishinda 1966, 1967 na 1968, kisha 504 ikashinda 1975 na Ove Andersson, tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Ukaniambia zinaunganishwa hapa hapa Mombasa, spea hatutahangaika. Mimi sikushawishika na mbio. Nilishawishika na fundi aliyelala chini ya gari, akaniita niinamie, akanionyesha springi za nyuma, mbili upande huu na mbili upande huu. "Mwalimu," akasema, "hili limeundwa libebe."

Nalo likabeba. Nimejaribu tangu Jumapili kukumbuka kila kilichoingia humo na siwezi kufika mwisho. Makuti juu ya keria mpaka gari halionekani. Magunia ya mahindi. Bibi harusi wa Ganze na masanduku yake, wewe ukiwa mbele umeshika kioo cha dirisha kisianguke. Kwaya ya shule kwenda kwenye mashindano ya muziki, watoto kumi na saba, nikiendesha polepole kama niliyebeba mayai, nao wakiimba njia nzima. Mwili wa mjomba kutoka Mombasa, viti vya nyuma vimelazwa, na shangazi amekataa kupanda gari jingine, amekaa chini ubavuni mwa jeneza mkono wake juu ya mbao. Harufu yake ninayo hadi leo: petroli, nazi, na vumbi lile jekundu lililoingia hata madirisha yakifungwa.

Kuwaka, unajua mwenyewe, lilikuwa na siku zake. Ulikuwa unazisugua pointi, vile vyuma vidogo vya kuleta cheche, kwa msasa, unapima nafasi kwa kipande cha pakiti ya sigara, unaniambia vuta choki, piga stata. Likikataa, watoto wa kijiji walikwisha jipanga nyuma kusukuma kabla hatujawaita. Lilikuwa langu kwenye karatasi tu. Watu walisema "gari letu", na mimi nilipenda kulisikia neno hilo. Nakuambia ukweli, nililipenda kupita kiasi.

Lakini hodi ya mchana na hodi ya usiku hazifanani. Ya mchana ina maneno mengi, mtu anaanza na habari za watoto. Ya usiku ni mara moja au mbili, halafu kimya, na wewe uliyelala unajua kwamba huko nje kuna mtu aliyesimama na moyo wake mkononi. Kwa miaka tisa niliamka. Sikumbuki kumrudisha mtu. Mama watoto alikuwa ananiwekea shati kwenye kiti kabla ya kulala.

Sasa nakuja kwenye jambo usilolijua, kwa sababu mwaka ule ulikuwa umehamishiwa Taveta.

Ilikuwa Novemba 1997. Zile mvua za El Niño unazikumbuka, barabara kuu ya Nairobi ilikatika, malori yakalala njiani. Kwetu, ile njia ya kushuka bondeni ilikuwa tope tupu. Asubuhi yake palikuwa na mtihani wa KCPE, na mimi ndiye niliyetakiwa kuzifuata karatasi za mtihani alfajiri. Kwa ajili hiyo mchana wake nilikuwa nimeshuka hadi Mariakani nikajaza tangi. Likajaa mpaka mdomoni.

Saa sita usiku, hodi. Alikuwa jirani yangu wa upande wa mkorosho, yule aliyekuwa akikuangulia madafu kila ulipokuja. Nilifungua mlango nusu. Mvua ilikuwa inamchuruzika usoni. Akasema, "Mwalimu, mama watoto ameshikwa."

Nikamwambia, "Gari halina mafuta."

Hakuniuliza kitu. Alisimama kidogo, akasema, "Haya mwalimu. Lala salama." Akaondoka.

Nilikuwa na sababu, somo, na ilikuwa sababu ya kweli, usifikiri naibuni leo. Lingezama kwenye tope usiku ule, watoto wa darasa la nane wangekaa madarasani bila karatasi. Nilijisomea sababu hiyo usiku kucha kitandani. Lakini sikumwambia sababu. Ningeweza kumwambia, "Ndugu yangu, tangi limejaa ila naogopa tope, na asubuhi nina mtihani; tufanyeje?" Tungetafuta njia, au angenilaani, lakini angekuwa ameondoka na ukweli. Nilimpa uongo, naye akaupokea kwa heshima.

Walimbeba mkewe kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne, wakipokezana. Mtoto alizaliwa njiani, shangazi zake wameshika leso kuzuia mvua. Walifika zahanati kunakucha, mama mzima, mtoto mzima. Namshukuru Mungu mpaka leo hii ninayokuandikia.

Na mimi saa kumi na moja alfajiri nikatoka. Nilivuta choki, nikapiga stata mara moja, likawaka. Gari lile ambalo siku nyingine lilisukumwa na kijiji kizima, asubuhi ile liliwaka mara moja na likanguruma. Mlio wake nani hakuujua? Nilipopita kwa jirani, mama yake alikuwa mlangoni na kandili. Alilitazama gari mpaka nikakata kona. Wala halikuzama. Tope nililoliogopa nilipita juu yake na karatasi zikafika kwa wakati.

Nilingoja mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza. Jirani tulikutana jioni yake, akaniambia mtoto ni wa kike, nikampa mkono. Ila kuanzia siku hiyo hodi ya usiku haikugongwa tena mlangoni kwangu. Disemba, Januari, Februari. Siku moja nilisikia gurudumu la mkokoteni likipita mbele ya nyumba yangu usiku wa manane, nikachungulia dirishani: wamemlaza mzee mmoja wanampeleka hospitali. Wamepita kando ya gari, gari liko uani, na hawakugonga. Mama watoto alikuwa ameshaacha kuniwekea shati kwenye kiti.

Mwezi wa nne mwaka 1998 nikaliuza. Nilikuambia ni spea zimepanda na barabara imeharibika, ukakasirika kwamba sikukungoja turekebishe pamoja. Nilikudanganya na wewe. Nisamehe kwa hilo kwanza.

Mtoto yule walimpa jina la mvua. Mwaka 2006 akaingia darasa la tatu, darasa langu. Kila asubuhi nikafungua rejista, nikafika kwenye jina lake, nikaliita, naye akaitika, "Nipo mwalimu." Mwaka mzima. Alikuwa na akili ya hesabu. Baba yake alikuja siku za wazazi, tukakaa benchi moja, akaniuliza maendeleo ya binti yake, na hakuna siku aliyonirudishia lile neno langu, wala kwa mafumbo. Sijui kama binti anajua alizaliwa wapi na kwa nini.

Kwa hiyo, swali lako. Siku ya kwanza jibu langu lilikuwa ndiyo, ndiyo kubwa. Nilianza hata kupiga hesabu: sakafu itakuwa imeliwa na kutu, kabureta ni ya kufungua yote, na mafundi waliozijua wengi wamezeeka. Haya magari tunayonunua bandarini sasa, yasiyozidi miaka minane, hayana hata pointi za kusugua. Kijana wa gereji anachomeka kompyuta. Hilo langu dogo ni zuri, linapoza, halinisumbui, na tangu nilinunue hakuna jirani aliyewahi kukaa humo. Mgonjwa akizidiwa siku hizi bodaboda anapigiwa simu, anafika kabla chai haijapoa. Kazi ya 504 kijijini imeisha. Hata hivyo nikasema nitalinunua, nitalipaka rangi ile ile, na siku likikamilika nitaliendesha mpaka nyumbani kwa jirani nilisimamishe chini ya mkorosho wake.

Nikalala na wazo hilo, likanipendeza. Usiku wa pili nikaliona lilivyo. Nilitaka gari liende likaseme badala yangu. Nifike na mlio, watu watoke, wacheke, washike bodi, wakumbuke harusi ya Ganze, jirani anipe mkono, na pale katikati ya furaha neno langu lipotee tena. Ningekuwa nimelipa fundi na mtu wa rangi, na yeye bado sijamlipa.

Ninalitaka, somo. Sitakuficha: nikiitazama picha hii kifua kinanibana. Nautaka usukani wake mwembamba, nakutaka wewe pale kushoto ukiniambia punguza gia, nawataka wale watoto wakisukuma. Ila nimepanga nianze na mtu kabla ya gari.

Basi fanya hivi. Usimpe mzee pesa yoyote wala usimwambie bei. Jumamosi nitapanda matatu ya kwanza, saa mbili nitakuwa stendi ya Mariakani. Twende pamoja Kaloleni, unisindikize mpaka kwa jirani. Nimempigia jana, nikamwambia nina jambo la kumweleza ana kwa ana, akasema, "Karibu mwalimu, madafu yapo." Utaingia nami au utakaa nje, utakavyoona mwenyewe, lakini uwe karibu. Naogopa nikifika peke yangu nitazungumzia mvua na bei ya nazi kisha nirudi.

Tukitoka huko, jua likiwa bado lipo, tutapita kwa mzee. Sijui nitakuwa katika hali gani ya kununua au kutonunua. Nataka tu nilifungue ule mlango wa nyuma niketi pale alipokaa shangazi. Beba msasa wako, huenda zile pointi bado zimo. Na mwambie mzee asiwaondoe kuku kwa ajili yetu, wana mayai.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mjukuu umwambie babu yake wa Mombasa anakuja.

Wasalaam,
Ni mimi somo yako