Kipeuo ni kipeo kilichotenguliwa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna tunavyofundisha vipeuo katika shule zetu.

Mwanafunzi anamaliza shule ya msingi akijua vizuri kwamba kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Akifika sekondari anakuta 49 imebebeshwa kipeo cha ½, naye anaandika 24.5. Amezidisha 49 kwa nusu. Huo si uvivu. Alifundishwa kwamba kipeo ni idadi ya mara ambazo namba inaandikwa ikizidishwa yenyewe, na namba haiwezi kuandikwa nusu mara. Maana hiyo inafaa kwa vipeo vya 1, 2, 3 na kuendelea. Kwenye vipeo vya sehemu, kama ½, haifiki, na mwalimu anapaswa kulisema hilo waziwazi ubaoni.

Kinachotuvusha ni kanuni ya kujumlisha vipeo. Zidisha 49 yenye kipeo cha ½ kwa nyingine kama hiyo: nusu na nusu ni 1, kwa hiyo jibu ni 49. Namba chanya gani ikizidishwa yenyewe hutoa 49? Ni 7, yuleyule waliyemzoea. Kiswahili chenyewe kinasaidia hapa: kama fungua inavyotengua funga, na kunjua ikatengua kunja, ndivyo kipeuo kinavyotengua kipeo. Kwetu Tanzania somo likihamia Kiingereza, istilahi hizo mbili hazifanani tena na undugu huo unapotea. Mwalimu akirudi kwenye Kiswahili kwa dakika tano tu, haipotezi kipindi.

Sasa chukua 27 yenye kipeo cha 4/3. Asili, namba ya chini ya sehemu, yaani 3, inataja kipeuo. Kiasi, namba ya juu, yaani 4, kinataja kipeo. Anza na kipeuo: kipeuo cha tatu cha 27 ni 3, kisha 3 × 3 × 3 × 3 ni 81. Anayeanza na kipeo anafika palepale, ila anapitia 531,441, na wengi huchanganyikiwa njiani. Kwenye kikokotoo cha simu sehemu lazima iwekwe kwenye mabano. Ukiandika 27^4/3 bila mabano utapewa 177,147, kwa sababu kipeo cha 4 kinatangulia, kisha jibu linagawanywa kwa 3.

Alama ya hasi kwenye kipeo haifanyi jibu kuwa hasi. 16 yenye kipeo cha −3/4 ni 1/8, wala si −8.

Ule mstari ulio juu ya alama ya √ nao unadharauliwa mno. Alama yenyewe ilichapishwa na Christoff Rudolff mwaka 1525 bila mstari. René Descartes ndiye aliyeunganisha mstari mwaka 1637. Kazi yake ni ya mabano. √(9 + 16) ni √25, yaani 5. Anayeandika 3 + 4 akapata 7 amegawa kipeuo juu ya kujumlisha, jambo linaloruhusiwa kwenye kuzidisha na kugawanya tu.

Kuna mtego ambao hata walimu huuruka. Kipeuo cha tatu cha −8 ni −2. Lakini 1/3 ni sawa na 2/6, na ukitumia 2/6 kwa kuanza na kipeo unapata 64, ambayo kipeuo chake cha sita ni 2. Namba ileile, majibu mawili! Ndiyo maana kanuni za vipeo vya sehemu zinadai namba inayobeba kipeo iwe chanya. Sharti hilo liandikwe pamoja na kanuni, lisiachwe kwenye tanbihi.

Anayeuliza mada hii ina faida gani apewe hesabu ya akiba. Sh 500,000 zimekua hadi Sh 665,500 kwa miaka 3, riba ikiongezwa juu ya riba kila mwaka. Wengi hugawanya ongezeko la asilimia 33.1 kwa 3 na kutangaza asilimia 11.03. Njia sahihi ni kugawanya 665,500 kwa 500,000, kupata 1.331, kisha kuipa kipeo cha 1/3. Jibu ni 1.1, yaani riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Ukitaka ukuaji wa mwezi mmoja, ipe 1.1 kipeo cha 1/12: ni kama asilimia 0.797, si 0.833.

Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro