Barua ya wazi kwa wifi yangu: usianze na shanga, anza na uzi

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, kaka yangu na watoto wote. Uliniuliza kama inafaa binti yetu avae siku ya harusi yake kidani ulichokitunga wewe mwenyewe nyumbani, au kama ni heri umnunulie kilicho tayari dukani. Nimeona nikujibu kwa barua ya wazi, kwa kuwa swali lako naulizwa na wanawake wengi, na kwa kuwa jibu lake haliwezi kuenea katika mazungumzo ya simu. Inafaa, wifi, tena kidani chako kinaweza kushinda kwa ubora vingi vinavyouzwa. Lakini liko sharti moja ambalo utanisikia nikilirudia hadi mwisho wa barua hii. Usianze na shanga. Anza na uzi.

Najua moyo hautaki hivyo. Mtu akiingia katika maduka ya shanga ya Kariakoo, macho hukimbilia rangi na fedha zote huishia huko, kisha uzi hununuliwa wakati wa kutoka, ule wa bei ya chini kabisa, au haununuliwi kwa sababu nyumbani upo wa cherehani. Kidani cha namna hiyo hupendeza kikiwa kipya, halafu siku moja hukatika mbele ya watu na shanga zikatawanyika sakafuni, na mwenyewe akalaumu shanga ambazo hazina kosa lolote.

Ushanga hauchakai upesi. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, watafiti walifukua kombe la baharini lililotumika kama ushanga, wakalikadiria kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60,000. Na shanga zilizochongwa kwa maganda ya mayai ya mbuni zimepatikana katika maeneo kadhaa ya Tanzania, nyingine zikiwa na umri unaokaribia miaka 50,000. Katika miji ya kale ya Waswahili, kama vile Kilwa, na Shanga iliyo katika kisiwa cha Pate, zimefukuliwa shanga za kioo zilizovuka Bahari ya Hindi, pamoja na vigae vyenye mifuo ambavyo watu wa pwani walivitumia kusagia shanga za makombe mpaka zikawa za mviringo. Vyote hivyo vimetufikia. Nyuzi zilizovishika shingoni mwa wenyewe zilioza zamani sana, na ndiyo sababu nakuomba uangalifu wako wa kwanza uuweke katika kile kinachooza.

Uzi wa cherehani wa pamba uuache kabisa. Hunyonya jasho na manukato, huvimba na kukauka mara kwa mara, na nyuzinyuzi zake huchanika kila zinaposuguana na ukingo wa tundu. Mshipi wa kuvulia samaki wengi wanaupenda kwa sababu ni rahisi kupatikana na hauhitaji sindano, nami siukatai kwa bangili za watoto. Lakini katika kidani hubaki na mikunjo ya kigurudumu ulichozungushiwa, mafundo yake huteleza, na ukikaa juani kwa muda mrefu hukakamaa na kukatika ghafla bila dalili. Uzi unaovutika nao ni wa mkononi, si wa shingoni, kwa kuwa uzito wa shanga huulegeza kila siku hadi kidani kinashuka na kuonesha mapengo. Chagua uzi wa nailoni uliosokotwa, mwembamba, ambao ukiuvuta kwa nguvu kati ya mikono miwili hauachii. Shanga zikiwa nzito sana, za mawe au za shaba, tumia waya laini wa chuma uliovikwa plastiki, ambao haufungwi fundo bali hushikizwa kwa vishanga vya madini laini vinavyobanwa kwa koleo ndogo. Kina mama wa Kimaasai, katika yale mapambo mapana ya shingo yanayokaa bapa mabegani, hutunga kwa waya na kuzitenganisha safu kwa vipande vya plastiki ngumu, kazi ambayo zamani ilifanywa na ngozi. Hawakuliachia jambo la uzi bahati, nasi tusiliachie.

Uzi ukishapatikana, upitishe juu ya kipande cha nta ya nyuki, na kama huna, juu ya mshumaa mweupe wa kawaida, mara mbili au tatu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nta huzishika nyuzinyuzi pamoja, huzuia uzi kujisokota, na huufanya upite katika matundu bila kuchanika. Ikiwa sindano nyembamba ya kutungia shanga haipatikani hapo ulipo, chovya ncha ya uzi katika rangi ya kucha isiyo na rangi, iache ikauke kabisa, kisha ikate kwa mshazari. Ncha hiyo itapita katika tundu dogo bila shida.

Sasa twende kwenye shanga zenyewe. Shanga ndogo za kioo hutengenezwa kwa kukivuta kioo kilichoyeyuka kiwe bomba refu jembamba, bomba likakatwa vipande vidogo, kisha vipande vikapashwa moto tena ili kingo zake zilainike. Watengenezaji wa bidhaa za bei rahisi hiyo hatua ya mwisho huifanya kwa haraka, na kingo hubaki kali. Ushanga wa namna hiyo hukata uzi kidogo kidogo kila mvaaji anapogeuza shingo. Kabla hujanunua nyingi, omba chache, uzitie katika kipande cha uzi, uzivute mbele na nyuma kwa muda, kisha uuangalie uzi mwangani. Ukiona umeota manyoya, rudisha shanga. Jaribio la pili ni la rangi: sugua ushanga kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa, na kama rangi inabaki kwenye kitambaa, siku ya harusi itabaki kwenye gauni.

Ukubwa wa shanga hizo ndogo huandikwa kwa namba, na jambo linalowachanganya wanunuzi ni kwamba namba ikiwa kubwa ushanga ni mdogo. Namba 11 una upana wa milimita 2 hivi, namba 8 kama milimita 3, na namba 6 kama milimita 4. Usipige hesabu ya kununua kwa kuangalia upana, kwa sababu shanga ndogo ni bapa kidogo na katika uzi hukaa kwa unene wake. Zile za namba 11 huingia kama 7 katika sentimita moja, kwa hiyo safu moja ya sentimita 45 itameza shanga zaidi ya 300. Za mviringo kamili za milimita 4 zitahitajika 112 tu kwa urefu huo huo. Ongeza juu ya hesabu yako sehemu ya kumi, maana katika kila pakiti zimo zilizopinda, zilizovunjika na zenye matundu yaliyoziba, na hizo hazifai kutungwa hata kama macho ya watu hayataziona.

Kuhusu rangi sitakuamulia, ila nakuomba umshirikishe binti mwenyewe, umwulize rangi ya gauni na ya mtandio kabla hujatoa shilingi moja. Katika karne ya 19 misafara iliyoanzia Bagamoyo ilibeba shanga zikatumika kama fedha njiani, na zile nyekundu zilizoitwa samesame zilithaminiwa sana. Lakini kila nchi ilikuwa na rangi yake, na mfanyabiashara aliyefika na rangi isiyopendwa alikuwa amewabebesha wapagazi mzigo usionunua hata unga. Wamaasai nao wanaposema kwamba nyekundu ni ya ushujaa, nyeupe ni ya maziwa na usafi, na buluu ni ya mbingu na maji, wanasema jambo la kwao lenye mahali pake. Ukipenda mpangilio wa rangi zao, uchukue kwa heshima na umweleze binti ulikotoka. Mimi binafsi ningemtungia nyeupe ya maziwa kwa sehemu kubwa, na nyekundu chache katikati ya kifua, kwa sababu rangi mbili zilizopangwa kwa utulivu huonekana vizuri kwa mbali kuliko rangi saba zinazogombana.

Kama gharama ni kikwazo, zipo shanga ambazo hazinunuliwi. Kata karatasi za kalenda ya zamani ziwe pembetatu ndefu, zenye upana wa sentimita 2 upande mmoja na urefu wa sentimita 25 hivi, uzikunje kwa kuzizungusha juu ya kijiti cha meno kuanzia upande mpana, utie gundi katika nusu ya mwisho, kisha uzipake vanishi mara mbili zikishakauka. Wanawake wengi wa Kampala wameishi kwa kazi hiyo, na shanga zao huuzwa ng'ambo. Jambo moja tu usilifanye kwa namna yoyote: usitoboe zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ziitwazo tipitipi. Ni nzuri mno, lakini ndani yake imo sumu kali inayoweza kuua, na mbegu iliyotobolewa ni hatari kuliko nzima, hasa katika nyumba yenye watoto wanaotia kila kitu mdomoni.

Siku ya kutunga, tandika taulo katika sinia pana ili shanga zisibingirike. Pima shingo ya binti kwa utepe wa fundi cherehani akiwa amevaa gauni lenyewe au lenye shingo kama hiyo. Kidani kinachofika kwenye mfupa wa mtulinga huwa kati ya sentimita 40 na 45, lakini shingo hazifanani, kwa hiyo utepe uaminiwe kuliko namba zangu. Panga shanga juu ya taulo kuanzia ule wa katikati, ukienda kulia na kushoto kwa pamoja, mpaka pande zote mbili zilingane. Kata uzi wenye urefu wa kidani mara mbili na sentimita 60 za ziada, uukunje katikati, utunge kwa nyuzi mbili. Mmoja ukikatika, wa pili utazishika shanga mpaka binti arudi nyumbani. Mwanzoni tia ushanga mmoja wa muda na uupitishe uzi ndani yake mara mbili ili uwe kizuizi, ukiacha mkia wa sentimita 15.

Ukimaliza kutunga usifunge papo hapo. Kining'inize kidani usiku kucha na kulabu yake, yaani kifungio cha nyuma ya shingo, ili uzi uvutike unavyotaka kuvutika, kisha asubuhi ondoa kile kizuizi na uangalie ulegevu. Acha nafasi ya milimita 2 hivi, kwa kuwa shanga zilizobanana husimama kama waya, hazifuati umbo la shingo, tena husagana na kuula uzi. Hapo ndipo ufunge fundo la kwanza kwenye kulabu, ukizungusha uzi mara mbili kabla ya kuvuta, kisha uurudishe uzi katika shanga tano au sita, ufunge fundo dogo katikati ya shanga mbili, uendelee tena shanga tatu, na ndipo ukate. Tone moja la rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya kila fundo linatosha. Gundi kali ya papo hapo usiitumie, kwa sababu huufanya uzi kuwa mgumu na mkavu, ukavunjika pembeni mwa fundo hasa mahali ulipotaka uwe imara.

Usimpulizie manukato binti akiwa amekwisha kukivaa. Ajipulize kwanza, yakauke, ndipo avalishwe. Baadaye kifutwe kwa kitambaa kikavu na kilazwe ndani ya kisanduku, kisitundikwe msumarini, kwa kuwa uzito wake utaendelea kuuvuta uzi hata kama hakivaliwi na mtu. Shanga zilizobaki pamoja na kipande cha uzi uzifunge katika karatasi na kuziweka ndani ya kisanduku hicho hicho, maana rangi ile ile hasa haipatikani kila mwaka madukani, na kidani kinachovaliwa hutungwa upya kila baada ya miaka michache. Ukishapata uzi, na kabla hujanunua shanga, nipigie kwa video tufanye pamoja mazoezi ya lile fundo la kwenye kulabu, kwa kuwa maandishi hayalioneshi vizuri.

Nisalimie kaka yangu, na umwambie binti kwamba namwombea ndoa yenye amani.

Wifi yako akupendaye