Barua kwa Deo, kutoka Campeche

Deo kaka,

Habari za hapo Rumonge? Mama mzima? Najua nimekaa kimya tangu Pasaka. Ile barua yako ya mama kukataa umpeleke Kasulu akaione tena Mtabila, ile kambi ya wakimbizi tuliyoishi, niliisoma mara tatu, nikakosa la kujibu. Nimekuja kulipata Mexico.

Kazi imenileta Campeche, mji wa bandari wa tangu enzi za Wahispania. Maharamia waliutesa sana, 1685 wakaupora vibaya, ndo mwaka uliofuata Wahispania wakaanza kuuzungushia ukuta wenye ngome nane, wakamaliza 1704. Pazuri mno, nyumba za rangi rangi, bahari hapo hapo. Ila siyo kilichonifanya niandike.

Juzi tumeenda Edzná, magofu ya Wamaya, wenyeji wa huku tangu kale, kama saa moja kwa gari. Kuna jengo la ghorofa tano, mita 31 hivi kwenda juu, na kwa kuwa hakuna mto pale walichimba mifereji na visima vya kuhifadhia maji ya mvua. Mimi nashangaa mawe, mzee anayetutembeza akasema miaka ya 80 vita vya Guatemala vilikimbiza watu maelfu, wengi wao Wamaya, wakawekwa kambini huku huku Campeche, na ni wakimbizi hao waliokuja kufyeka pori na kurudishia mawe ya hapa. Wakimbizi, Deo! Mtu kafukuzwa kwao na bunduki, anapanga foleni ya mgao wake, halafu mchana anabeba mawe ya babu zake. Nikakaa kwenye ngazi, machozi yananitoka tu.

Nilimkumbuka mama na yale matofali aliyofyatua ya darasa letu kule Mtabila, mikono imechanika, bado anatuchekesha. Mwanzo nilitaka nikwambie umbembeleze akapaone. Sasa hivi hapana, usimlazimishe. Kambi imefungwa tangu 2012, na yeye mwenyewe kakwambia, akaone nini, nyasi? Yuko sahihi. Lakini nilizunguka Edzná nzima nikitafuta hata kibao kimoja chenye majina ya wale watu, sikukiona, na hilo ndo linaniuma mpaka saa hii. Jengo limesimama, aliyelisimamisha hatajwi.

Kwa hiyo ombi langu, mrekodi. Simu tu inatosha, jioni akiwa anachambua maharage, aseme nani alichota udongo, nani alikanyaga, nani alichoma tanuru. Mama Shukuru alikuwepo si ndiyo? Na yule fundi wa mabati bado yuko hai? Na lile darasa lilikuwa la pili au la tatu, mimi nimeshasahau. Unadhani atakubali, au nimpigie mwenyewe Jumapili nimwombe?

Wako,
Juma