Uhakika wa asilimia 95 katika kura za maoni hauna maana tunayoupa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna matokeo ya kura za maoni yanavyoripotiwa nchini. Wasomaji huelezwa kwamba mgombea fulani ana asilimia 46, kiwango cha makosa ni 3 juu au chini, na uhakika ni asilimia 95. Wengi hufahamu kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 kuwa uungwaji mkono wake halisi uko kati ya 43 na 49.

Jerzy Neyman, mwanahisabati Mpolandi aliyeiwekea hesabu hii msingi mwaka 1937 akiwa London, hakudai hivyo. Kwake, uungwaji mkono halisi ni nambari moja tusiyoijua, wala haibadiliki. Kinachobadilika ni sampuli. Lau utafiti uleule ungerudiwa mara nyingi, kila mara kwa watu wengine waliochaguliwa kwa nasibu, takriban mara 95 katika kila 100 mipaka iliyokokotolewa ingeizingira nambari hiyo. Mipaka iliyochapishwa leo ama imeizingira ama imeikosa, na hesabu haituambii ni lipi kati ya hayo. Wafuasi wa Bayes, mkondo mwingine wa wanatakwimu, hudiriki kutaja uwezekano wa jibu lenyewe, ila sharti kwanza watangaze walichoamini kabla ya kuona data.

Uteuzi huo wa wahojiwa kwa nasibu ndio unaoibeba hesabu yote, na ndio usioandikwa magazetini. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon angemshinda Rais Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Waliofikiwa walitoka hasa katika orodha za wenye simu na magari, na wengi wao hawakujibu. Kosa la aina hiyo halimo kabisa katika ile 3 juu au chini.

Zaidi ya hayo, kiwango cha makosa hupungua kadiri kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa kinavyoongezeka. Watu 1,000 hutoa takriban asilimia 3 kwa nchi nzima, lakini wakigawanywa kwa kaunti 47 wanabaki wastani wa 21 kwa kila kaunti, na kiwango hicho hupita asilimia 20. Hata hivyo tunachapishiwa ramani za nani anaongoza wapi!

Ninaomba gazeti lako lieleze kila mara jinsi wahojiwa walivyopatikana, ni wangapi waliokataa kujibu, na kiwango cha makosa cha kila kaunti inayotajwa.

Mwalimu wa hisabati,
Kasarani, Nairobi