Vikuku vya bibi usivipeleke kwenye mashine

Zanzibar, Jumapili jioni

Mpenzi shogaangu Salma,

Pole tena kwa msiba wa bibi, Mungu amlaze pema. Picha za vitu alivyokuachia nimezipata na nimezitazama mpaka macho yameniuma. Unasema wiki hii unavipeleka vyote kwa sonara vikang'arishwe. Nakuomba usubiri kwanza.

Vile vikuku viwili vyeusi havijaoza, wala ile si kutu. Fedha ikikutana na salfa, na salfa imo hewani, imo hata kwenye yai, hujivika utando mweusi. Chini ya utando ule fedha ni nzima. Nimeikuza ile picha ya tatu: zile punje ndogo ndogo zilizopangwa mstari kama mtama, kila moja imelehemiwa peke yake kwa mkono. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya Kiomani. Masonara wa zamani waliyeyusha reale, sarafu za fedha zenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, zile zilizoendelea kupigwa chapa ya mwaka 1780 hata baada ya mwenyewe kufa. Reale moja ni gramu 28, na fedha yake asilimia 83 na kitu, iliyobaki karibu yote shaba. Kwa hiyo usitafute humo chapa ya 925, yaani fedha asilimia 92.5, na mtu akikwambia si fedha kwa kuwa havina chapa, chukua vikuku vyako uondoke.

Naandika kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Kikuku cha mama nilikipeleka mwenyewe dukani, nikarudi baada ya saa moja nikakikuta kinang'aa kama sufuria mpya. Nikapitisha kidole juu yake: palipokuwa na maua pameteleza kama kioo. Brashi ya mashine inapozunguka inaila fedha yenyewe, na ule weusi wa ndani ya mifereji, ambao ndio unaoyaonyesha maua, unakwenda nao. Mama hakusema neno. Alikigeuza tu mkononi, akikitazama huku na huku.

Wewe chukua maji ya vuguvugu, matone mawili ya sabuni ya vyombo, na mswaki laini wa mtoto. Osha, suuza, kausha kwa kitambaa cha pamba, basi. Halafu vivae. Vikisuguana na ngozi, nakshi za juu zitatakata zenyewe na mifereji itabaki na giza lake. Ile njia ya foili na bekingi soda kwenye maji ya moto inafaa kwa ule mkufu wako mwembamba wa 925 usio na nakshi. Kwa vikuku usithubutu, maana inauondoa weusi wote, hata ule unaoutaka.

Bangili nne za dhahabu zina chapa 916, yaani karati 22, asilimia 91.6. Dhahabu tupu ni laini mno, ndiyo maana huchanganywa na fedha na shaba ipate ugumu, na hata hiyo 22 bado inachubuka. Kila moja ifunge kwenye kitambaa chake, zisigongane ndani ya kopo la biskuti kama alivyokuwa akiziweka bibi.

Pete ya kijiwe ina chapa 750, karati 18, na hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kwa sababu najua unafua nayo. Dawa ya madoa yenye klorini hushambulia madini yaliyochanganywa na dhahabu, na vile vikucha vilivyoshika kijiwe vikianza kupasuka, siku moja kijiwe kitakwenda na maji ya beseni. Ivue kabla ya kufua. Tena, ukisikia mtu anasifu krimu ya kung'arisha uso, kaa mbali nayo. Nyingine zina zebaki, na zebaki ikigusa dhahabu huingia humo humo na kuifanya nyeupe. Ngozi yako nayo haitasalimika.

Kabla ya kumpa sonara yeyote kitu chochote, kipime uzito mbele yake na uandike kwa gramu. Akikutajia tola, tola moja ni gramu 11.66.

Nipigie picha ya upande wa ndani wa vikuku, karibu na kifungo, nione kama fundi aliacha alama yake. Nisalimie watoto.

Wako,
Zuhura