Muulize Bi Mkubwa habari za nguo

Malindi

Somo yangu Fatma,

Assalamu alaykum. Vipi hali yako, vipi wazee, vipi Maalim na watoto? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila joto la kaskazi limetushika kooni. Swaleh alipita hapa Ijumaa akaniambia Bi Mkubwa ameanza kuinuka, na asubuhi huzungumza vizuri. Ndipo nikashika kalamu. Nina ombi, na ombi lenyewe halingoji.

Kaa naye umuulize habari za wakati wa vita vya Hitla. Za askari sitaki, hizo zimeandikwa, na vitabu ninavyosomesha vimejaa majenerali tele. Nataka za jikoni na za sandukuni: walipika nini, walivaa nini, na kazi za wanaume walioondoka zilishikwa na nani.

Mji wangu huu ulipigwa mabomu na ndege za Mtaliano Oktoba 1940. Wanafunzi hawakuamini, maana wao Mtaliano wanamjua kwa hoteli na pitsa. Walipoamini wakaanza: ndege gani, mabomu mangapi? Msichana mmoja akauliza, je, siku ya pili yake watu walikwenda sokoni? Sikuwa na kitabu cha kumpa kwa swali hilo.

Kinachonikaa rohoni zaidi ni nguo. Kabla ya vita, nguo nyingi za bei nafuu huku kwetu zilitoka Japani. Desemba 1941 Mjapani akaingia vitani upande wa adui, mlango ukafungwa. Viwanda vya Bara Hindi navyo vilikuwa na jeshi la kuvisha. Uingereza kwenyewe nguo zilinunuliwa kwa kuponi tangu Juni 1941, seuze sisi wa koloni! Marehemu bibi alikuwa akisimulia kwamba yeye na dada yake walivaa buibui moja kwa zamu. Akitoka huyu, yule hukaa ndani. Hebu lifikirie hilo. Mwanamke asiye na vazi la kutokea haendi sokoni, haendi matangani, haendi harusini. Hajasikia mlio wa bunduki hata mmoja, na vita vimemfungia ndani.

Na maiti je? Bafta ya sanda ilipatikana wapi? Hili muulize kwa upole, asije mgonjwa akaliona baya. Anzia na harusi.

Halafu mchele. Pwani ilizoea mchele wa Burma, na mwaka 1942 Mjapani akaichukua Burma. Mvua za vuli zikakosekana mwaka huohuo, jeshi nalo linataka kulishwa, basi 1943 hata mahindi yakawa ya kutafutwa Kenya nzima. Watu wa Lamu, ambao bila wali husema hawajala, walifanyaje? Walikula muhogo? Mtama? Unga wa ngano ulipopanda mwaka 2022 kwa vita vya Urusi na Ukraine, mama muuza mahamri wa mtaani kwetu aliyapunguza ukubwa, wateja wakagombana naye kila asubuhi. Nilimhurumia sana. Angefanya nini?

Kazi nazo ziligeuka. Ufilipino ilipotekwa 1942, nyuzi za kamba za meli zilizotoka kule zikakosekana, na mkonge wa Afrika Mashariki ukatakiwa mno. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikaweka kanuni za kuwapeleka Waafrika kwa lazima kwenye mashamba ya walowezi, ya mkonge yakiwemo. Waingereza kwao pia walilazimishana: sheria ya Desemba 1941 iliwaita hata wanawake wasioolewa, wa miaka 20 hadi 30, waende viwandani au jeshini. Lakini wale wana picha zao, wamevaa ovaroli, wanatabasamu mbele ya mashine. Mkata mkonge wetu na mkewe aliyebaki na jembe na watoto, nani aliwapiga picha? Hili linaniuma, Fatma, nalisema wazi.

Mombasa nako, Colombo ya Ceylon iliposhambuliwa na Mjapani Aprili 1942, manowari za Mwingereza zilihamia bandari ya Kilindini. Kazi zilipatikana, ila bei ziliushinda mshahara, na vita vilipokwisha dhiki haikwisha: Januari 1947 wafanyakazi waligoma mji mzima.

Nyinyi wa Lamu nadhani mlipata afueni kidogo, kwa sababu meli za moshi zilichukuliwa na vita na majahazi yakapata mizigo. Babake Bi Mkubwa si ndiye aliyekuwa na jahazi la boriti? Au huyo ni wa upande wa Mwana Esha? Nawachanganya siku zote.

Narudi kwenye nguo. Mrekodi kwa simu, somo, nitakutumia pesa za bando. Usimharakishe. Akizungumza Kiamu cha zamani mwache hivyohivyo, na akinyamaza ngoja. Akichoka, funga simu umpikie uji, mengine siku nyingine inshallah.

Je, bado analo lile sanduku la mkangazi, na ndani mna kanga za ujanani? Aliolewa kabla ya vita kwisha au baada? Nani alimtolea nguo za harusi? Usiku waliruhusiwa kuwasha taa? Na yule kaka yake aliyekwenda keya, lile jeshi la Waafrika la Mwingereza, barua zake nani alimsomea mama yao? Wewe mwenyewe umepata kuyasikia haya, au nyumbani kwenu pia hayakuwa ya kuulizwa? Na Swaleh ananiambia mnakuja Malindi kabla ya Ramadhani, kweli?

Nijibu upesi.

Somo yako,
Rukia