Bunche si Sarek

Kibokoni, Mombasa

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, huku hatujambo. Orodha yako ya baraza ya Jumamosi, ile ya kulinganisha wanadiplomasia wa kweli na wahusika wa televisheni, nimeipata. Nakuomba ubadilishe jambo moja tu: usimweke Ralph Bunche, yule mwanadiplomasia wa Marekani, ubavuni mwa Sarek, balozi wa sayari ya Vulcan katika tamthilia ya Star Trek. Wote wawili watulivu, lakini utulivu si kipimo. Uliza nani kamtuma. Sarek wa 1967 anakwenda mkutanoni kuutetea msimamo wa Vulcan kuhusu sayari nyingine, Coridan. Yeye ni sauti ya kwao. Bunche alitumwa na Umoja wa Mataifa kusuluhisha vita vya Waarabu na Waisraeli, hakuwa na upande.

Hal Wyler wa tamthilia ya The Diplomat na Richard Holbrooke, mwanadiplomasia wa Marekani, hapo umepatia. Huyo Holbrooke, Novemba 1995, aliwaweka marais watatu wa Balkani ndani ya kambi ya jeshi la anga, Dayton, Marekani, siku 21 hadi wakaafikiana kuvimaliza vita vya Bosnia. Kate, mkewe Hal, ni balozi wa kawaida. Waambie tu kwamba kwa Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, nchi mwenyeji sharti imkubali kwanza, na yaweza kumrudisha kwao bila kutoa sababu.

Bunche ndiye wa kumkalia kitako. Kisiwani Rhodes, Ugiriki, Januari 1949, Wamisri na Waisraeli wamo hoteli moja na kukaa pamoja hawataki. Akawa anaziendea pande mbili mbalimbali. Alipowakutanisha, hakuanza na mipaka wala na kikosi cha Misri kilichozingirwa Faluja, Palestina. Alianza na ajenda, akawataka waitie saini, ili wazoee kuketi meza moja na kushika kalamu. Tena alikuwa ameagiza sahani za udongo zilizoandikwa habari ya mazungumzo yale. Akawaonyesha: wakipatana, kila mtu ataondoka na yake, wakishindwa, atawavunjia vichwani! Saini ya kusimamisha vita ikatiwa Februari 24, siku 42 baada ya kuanza Januari 13. Televisheni haina subira ya siku 42, ndiyo maana kazi yake haionekani humo.

Wazee wataipenda hii pia: kabla ya kufika Kenya mwaka 1938, Bunche alisomeshwa Kiswahili London, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta.

Basi mbele ya jina la Bunche acha pengo. Ukimpata mhusika msuluhishi, asiye na upande, niletee habari kabla ya Ijumaa.

Wako,
Sahibu yako wa Kibokoni